Baridi ya Mghange na divai ya Chardonnay: Je, moyo hufaidika?

Wengi huamini kwamba gilasi moja ya divai kwa siku huulinda moyo na kuupasha mwili joto. Makala haya yaeleza divai hiyo hutoka wapi, ina nini ndani yake, na kwa nini mwenye presha hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kuinywa.

MPENZI msomaji, iwapo umewahi kupanda gari la abiria kutoka Voi kwenda Mghange, bila shaka wajua jinsi hewa inavyobadilika njiani. Voi unaondoka ukijipepea kwa gazeti. Ukishapita Mwatate na mashamba yake ya mkonge, gari huanza kupanda, kona baada ya kona, na madirisha hufungwa moja baada ya jingine. Ufikapo Wundanyi abiria wameshatoa sweta mikobani. Na huko Mghange, hasa kati ya Juni na Agosti, ukungu hukaa juu ya migomba hadi saa za mchana, na wazee hawabanduki karibu na moto.

Katika hali ya hewa kama hiyo hakosekani mtu wa kusema kwamba baridi hii yataka kitu cha kuchemsha damu. Tangu zamani kitu hicho kilikuwa ni mbangara, pombe ya jadi ya Wataita. Lakini siku hizi kuna mgeni mwingine anayepanda mlima: chupa ya divai iliyonunuliwa katika duka kubwa la Nairobi au Mombasa, na yenye sifa ya kwamba ni nzuri kwa moyo.

Tuseme binti aliyeajiriwa Nairobi amekuja nyumbani Mghange wakati wa likizo ya Agosti kumwona babake. Mzee ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 67, na yapata miaka 3 sasa tangu agunduliwe kuwa na presha. Daktari alimshauri aache pombe, naye akaachana na mbangara, ingawa haikuwa rahisi kuketi na wenzake bila kitu mkononi. Sasa binti atoa chupa mkobani na kuiweka mezani.

"Baba, hii si kama zile za kulewa," asema. "Ni Chardonnay, ya nchi za baridi. Wenzetu hunywa gilasi moja kila jioni kwa ajili ya moyo."

Mzee aigeuza chupa, avaa miwani, asoma karatasi yake. "Mwanangu," auliza, "daktari alinikataza pombe. Je, hii ni pombe au ni dawa?"

Swali hilo la mzee ndilo tutakalojaribu kulijibu leo. Na ili kulijibu vyema, yatupasa kwanza kuifuata chupa hiyo hadi ilikotoka.

ZABIBU YA NCHI YA BARIDI

Chardonnay ni jina la aina ya zabibu nyeupe. Ni jina pia la kijiji kidogo katika jimbo la Burgundy, mashariki mwa Ufaransa. Mnamo 1999 wataalamu waliochunguza chembe za urithi za mizabibu walitangaza kwamba zabibu hii ilizaliwa na aina mbili za kale: Pinot, iliyo maarufu, na Gouais Blanc, ambayo wakulima wengi waliidharau. Hivi leo Chardonnay hupandwa karibu kila nchi inayotengeneza divai.

Lakini mtu akitaka kujua Chardonnay ya baridi ikoje, wajuzi humwelekeza Chablis, mji mdogo ulio ukingoni mwa mto Serein, kiasi cha kilometa 180 kutoka Paris. Huko, kwa divai yenye jina la Chablis, sheria hairuhusu zabibu nyingine ila Chardonnay peke yake. Udongo wake ni wa chokaa na mfinyanzi uliojaa mabaki ya chaza wadogo wa kale, kwa kuwa pale palikuwa bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Watawa wa abasia ya Pontigny, iliyoanzishwa mwaka 1114, ni miongoni mwa walioendeleza mizabibu ya eneo hilo.

Ukulima wa huko si lelemama. Baada ya majira ya baridi kali, mzabibu huamka na kuchipua mwezi Aprili. Usiku mmoja wa jalidi, yaani umande ulioganda ukawa barafu, waweza kuua machipukizi yote na mavuno ya mwaka yakatoweka kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo maana wakulima wa Chablis hukesha wakiwasha mishumaa mikubwa mashambani, au huinyunyizia mizabibu maji ili yagande na kuyafunika machipukizi kama blanketi. Hata hivyo, Aprili 2021 jalidi iliwashinda wengi wao. Kufikia miaka ya 1950, baada ya magonjwa ya mizabibu, vita na baridi, mashamba yalikuwa yamepungua hadi kiasi cha hekta 500. Leo yamepita hekta 5,000.

Msomaji atauliza: yanihusu nini mimi baridi ya Ufaransa? Yakuhusu kwa sababu baridi hiyo ndiyo inayoamua kiasi cha pombe kitakachoingia mwilini mwako.

SUKARI NDIYO MAMA WA POMBE

Zabibu, kama ndizi au embe, huzidi utamu kadiri inavyoiva. Penye jua kali huiva upesi, hujaa sukari, na uchachu wake hupungua. Penye baridi huiva polepole. Sukari huongezeka kidogo kidogo na uchachu hubaki. Kwa hiyo divai ya Chablis huwa kavu, yenye ukali wa ndimu au tofaa bichi, ilhali Chardonnay ya nchi ya joto huwa nzito na huleta harufu ya nanasi na matunda mengine yaliyoiva sana.

Maji ya zabibu yakishakamuliwa, hamira huila sukari na kutoa pombe pamoja na hewa ya mapovu. Hesabu yake ni rahisi: kiasi cha gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa asilimia 1 ya pombe. Maji yenye gramu 204 kwa lita yatatoa divai ya asilimia 12. Yenye gramu 238 yatatoa divai ya asilimia 14.

Tofauti ya asilimia 12 na 14 yaonekana ndogo, lakini hebu tuipime. Chupa ya kawaida ya divai ina mililita 750. Kwa asilimia 12, ndani yake mna kiasi cha gramu 71 za pombe halisi. Kwa asilimia 14 mna gramu 83. Basi ni kweli kwamba, kwa jumla, Chardonnay ya nchi ya baridi huwa na pombe pungufu kuliko ndugu yake wa nchi ya joto. Hapo binti yetu hakukosea.

Lakini upungufu huo usimpumbaze mtu. Gramu 71 ni sawa na pombe iliyomo katika chupa 4 na nusu za bia ya mililita 500 yenye asilimia 4. Mtu asiyethubutu kunywa bia 4 mbele ya wakwe zake aweza kumaliza chupa moja ya divai kwa adabu zote, kwa gilasi nyembamba, na bado akajiona hakunywa.

Isitoshe, baridi yenyewe yapungua. Katika mji wa Beaune, huko huko Burgundy, tarehe za mavuno zimehifadhiwa tangu mwaka 1354. Wataalamu walioziorodhesha hadi 2018 waligundua kwamba tangu 1988 zabibu zimekuwa zikivunwa kiasi cha siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa kabla ya hapo. Katika mwaka wa 2003, na tena 2020, mavuno ya Burgundy yalianza Agosti. Zabibu ikiona joto zaidi, sukari huongezeka, na pombe huongezeka vilevile. Kwa hiyo usitegemee sifa ya nchi. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa unayoishika.

JE, MIZABIBU YAWEZA KUOTA MGHANGE?

Huenda baadhi ya wakulima wa Mghange wameanza kujiuliza: ikiwa ni baridi tu itakiwayo, mbona sisi tusipande? Swali hilo ni la haki, kwani vilima vya Taita huotesha mboga na matunda mengi yasiyoweza kuota Voi. Kilele cha Vuria kina urefu wa meta 2,208 juu ya usawa wa bahari. Kwa kanuni ya kawaida, kila upandapo meta 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kutoka Voi hadi kileleni ni tofauti ya karibu digrii 10.

Hata hivyo baridi ya Mghange si sawa na ya Chablis. Ya Chablis ni ya majira: mzabibu hulala usingizi wa miezi kadhaa, kisha hupata kiangazi chenye siku ndefu mno za jua. Ya Mghange ni ya urefu wa mlima: haigandishi, haiulazi mzabibu, na siku zetu karibu na Ikweta ni za saa 12 mwaka mzima. Mzabibu usiolala huendelea kutoa majani, na mkulima hulazimika kuukata matawi kwa ratiba ili uzae. Zaidi ya hayo, ukungu wa Taita ungeleta magonjwa ya kuvu, hasa yale yaitwayo ubwiri unga na ubwiri vinyoya, ambayo huozesha vichala.

Ndiyo sababu divai inayojulikana zaidi Afrika Mashariki haikuzaliwa milimani penye ukungu bali Dodoma, Tanzania, mahali pakavu palipo kiasi cha meta 1,100 juu ya bahari. Wamisionari Wakatoliki walipeleka mizabibu huko, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi, wakulima wa Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Hapa kwetu Kenya mizabibu imepandwa Naivasha, penye urefu wa kiasi cha meta 1,900 lakini mvua chache. Divai za Chardonnay zinazouzwa madukani mwetu nyingi hutoka Afrika Kusini, na baadhi yake zatoka Elgin, eneo la baridi linalojulikana zaidi kwa matofaa.

HADITHI YA MOYO ILIANZAJE?

Sasa turudi kwenye dawa. Imani kwamba divai huulinda moyo ilienea sana tangu Novemba 1991, wakati kipindi kimoja cha televisheni nchini Marekani kilipoeleza kwamba Wafaransa hula siagi, jibini na nyama za mafuta, na bado hawafi sana kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka uliofuata, mtaalamu Serge Renaud pamoja na mwenzake Michel de Lorgeril waliandika katika jarida la Lancet kwamba huenda divai ndiyo inayowakinga. Uuzaji wa divai nyekundu ukapanda huko Marekani, na habari zikasambaa duniani hadi zikatufikia sisi.

Kuna mambo mawili ambayo wasimulizi wa habari hiyo aghalabu huyasahau.

La kwanza, sifa hizo zilielekezwa hasa kwa divai nyekundu. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na katika maganda ndimo mlimo viini kama resveratrol vilivyodhaniwa kusaidia mishipa. Divai nyeupe kama Chardonnay hukamuliwa kwanza na maganda hutupwa. Viini hivyo huwa vichache mno ndani yake. Na hata katika nyekundu, kiasi chake ni kidogo hivi kwamba hakuna daktari awezaye kukiita dawa.

La pili ni zito zaidi. Tafiti nyingi za zamani ziliwalinganisha wanywaji wa kiasi na watu wasiokunywa. Lakini miongoni mwa hao wasiokunywa walikuwamo wengi walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Ukiwaweka wagonjwa upande mmoja, wale wa upande wa pili wataonekana wana afya njema, nawe utadhani ni divai iliyowasaidia. Mfano wake ni mzee wetu wa Mghange. Yeye sasa hanywi, na ana presha. Je, tuseme kuacha mbangara ndiko kulikomletea presha? Hasha!

Mnamo 2019 jarida hilo hilo la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa nchini Uchina kwa watu kiasi cha 500,000. Watafiti walitumia tofauti za kuzaliwa nazo zinazowafanya watu wengine wasiivumilie pombe, ili kuondoa kasoro tuliyoieleza. Walikuta kwamba kadiri pombe ilivyoongezeka ndivyo hatari ya kiharusi ilivyoongezeka. Ile kinga iliyodhaniwa hutokana na kunywa kiasi haikuonekana.

PRESHA, SARATANI NA DAWA

Kwa mwenye presha jambo hili ni la kila siku. Mwaka 2023 wataalamu walijumlisha tafiti 7 zilizofuatilia watu zaidi ya 19,000, na wakaona kwamba presha ilipanda pamoja na kiasi cha pombe, hata kwa wale waliokunywa gramu 12 tu kwa siku. Hiyo ni pungufu ya gilasi moja ya mililita 150 ya divai ya asilimia 12, ambayo ina kiasi cha gramu 14. Kupanda huko kulikuwa kudogo kwa aliyekunywa kidogo na kukubwa kwa aliyekunywa zaidi. Lakini mtu ambaye presha yake tayari iko juu hana nafasi ya kuongezea hata kidogo.

Kuhusu saratani, msomaji asidhani ni jambo jipya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka pombe katika kundi la kwanza la vitu viletavyo saratani kwa binadamu tangu mwaka 1988. Saratani zinazohusishwa nayo ni ya kinywa, ya koo, ya zoloto, ya umio, ya ini, ya utumbo mpana na ya matiti. Ile ya umio, yaani njia ya chakula, yatugusa sana sisi watu wa Afrika Mashariki, kwani huonekana kwa wingi hapa kuliko sehemu nyingi za dunia. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya.

Hii haina maana kwamba kila anywaye gilasi moja harusini ataugua. Maana yake ni kwamba hatari huanza na gilasi ya kwanza na huongezeka kwa kila inayofuata. Yule aambiwaye anywe ili apone adanganywa.

Kuna watu ambao, mpenzi msomaji, wasiionje kabisa:

* Mama mja mzito, au anayetarajia kupata mimba. Pombe hupita hadi kwa mtoto, nayo yaweza kuudhuru ubongo wake maisha yote.

* Anayetumia dawa za kifua kikuu. Dawa hizo zalitwika ini mzigo, na pombe huongeza mwingine.

* Mwenye kisukari anayetumia dawa. Pombe yaweza kuishusha sukari ya damu ghafla, hasa akinywa bila kula, na dalili zake hufanana na ulevi hata watu wasitambue kwamba anahitaji msaada.

* Mwenye ugonjwa wa ini, au mwenye vidonda vya tumbo. Uchachu wa divai ya nchi ya baridi, unaosifiwa na waonjaji, huzidisha kiungulia.

* Mwenye pumu aliyewahi kubanwa kifua baada ya kunywa divai. Divai nyingi hutiwa salfa ili zisiharibike, nayo huwasumbua baadhi ya wenye pumu.

* Kijana wa chini ya miaka 18, ambaye hata sheria ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza auziwe pombe ya aina yoyote.

JE, POMBE HUONDOA BARIDI?

Hapa ndipo penye kosa linalowapata wengi Mghange, Werugha na sehemu nyingine za milimani. Mtu akinywa, iwe divai au mbangara, huhisi joto usoni na mikononi. Husema, "Sasa damu imechemka." Kumbe kinyume chake ndicho kinachotokea.

Wakati wa baridi mwili hufunga mishipa midogo ya ngozi ili joto libaki ndani, karibu na moyo, mapafu na ini. Pombe huifungua mishipa hiyo. Damu ya moto hukimbilia kwenye ngozi, nawe wahisi joto. Lakini joto hilo liko njiani likitoka nje. Ni kama kufungua mlango wa nyumba ili waliosimama uani waone moto wa jikoni. Wao watauona kweli, ila nyumba itapoa. Aidha, pombe humfanya mtu asisikie baridi ipasavyo, na hupunguza kule kutetemeka ambako ndiko njia ya mwili ya kujipasha.

Kwa sababu hiyo, mtu aliyelewa akilala njiani usiku wa ukungu, nguo zikilowa, aweza kufa kwa baridi hata katika nchi isiyo na theluji. Wazee wamo hatarini zaidi. Na kuna hatari nyingine: mtu aliyekunywa akaingiza jiko la makaa chumbani, akafunga mlango na madirisha, akalala. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu, na aliyelewa haamki upesi. Jiko na lilale nje.

VIPI KUHUSU MBANGARA?

Kuna watakaosema, "Basi afadhali yetu ya kienyeji, isiyotiwa dawa." Ni kweli kwamba pombe ya jadi ina heshima yake katika mila, na wazee wa zamani hawakuinywa ovyo. Lakini kwa upande wa afya, hamira haijui kabila wala nchi. Huila sukari ya Mghange kama ilavyo sukari ya Chablis, na pombe itokayo ni ile ile.

Tofauti iko katika kipimo. Chupa ya divai imeandikwa asilimia yake. Kibuyu au kikombe hakikuandikwa, na mapishi ya leo yaweza kuwa makali kuliko ya jana. Mbaya zaidi ni pale wafanya biashara wasio na huruma wanapotia vitu vingine ili kuzidisha ukali. Sumu iitwayo methanoli haitofautiki kwa macho na pombe ya kawaida. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya aina hiyo, na Mei 2014 makumi ya wengine walikufa katika sehemu mbalimbali za Kenya. Wengine walipona lakini wakapofuka. Mtu akianza kuona ukungu machoni, kutapika au kupumua kwa shida baada ya kunywa, asiachwe "alale aamke". Apelekwe hospitali mara moja.

MASHAURI KWA MSOMAJI

Ikiwa hunywi, usianze kwa ajili ya moyo. Hakuna sababu ya kitabibu ya kufanya hivyo.

Ikiwa wanywa na huna ugonjwa wowote, punguza. Soma asilimia kwenye chupa. Pima gilasi yako nyumbani kwa kikombe cha kupimia, maana gilasi kubwa za kisasa humeza mililita 250 bila kujaa. Kula kwanza, na unywe maji kati ya gilasi na gilasi. Kumbuka ini huondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Kahawa na maji baridi ya kuoga hayaliharakishi. Aliyemaliza chupa nzima saa 3 usiku huenda bado ana pombe mwilini alfajiri, naye asiendeshe gari kuteremka kona za kwenda Mwatate.

Ikiwa una presha, mwambie daktari wako ukweli wote juu ya unywaji wako. Usiruke vidonge ili upate kunywa. Hilo ni kosa linalowafikisha wengi kwenye kiharusi. Na ikiwa umekuwa ukinywa sana kila siku, usiache ghafla bila kumwona daktari, kwani mwili uliozoea waweza kupatwa na kifafa. Halmashauri ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, ina simu ya msaada isiyolipiwa: 1192.

Ikiwa wasumbuliwa na baridi, vaa nguo kavu, funika kichwa, kunywa uji au chai ya moto, na kula chakula cha kutosha. Sahani ya kimanga yenye maharagwe yakupa joto la kweli. Na ikiwa wautafutia moyo wako kinga, mbona Mghange imejaliwa? Kuna mboga za majani, maparachichi na ndizi, tena vipo vilima vya kupanda kila siku kwa miguu. Punguza chumvi na uache sigara. Hayo hayahitaji kusafirishwa kwa meli kutoka ng'ambo.

JIBU LA MZEE

Basi binti yetu amjibu nini babake?

Amwambie ukweli: "Baba, hii ni pombe. Ni nzuri kwa ladha yake, na wakulima wake huitaabikia usiku wa baridi kali, lakini si dawa." Chupa yenyewe si lazima itupwe. Yaweza kurudi Nairobi kwa mtu mwingine.

Na mzee asione haya. Alipoacha mbangara alifanya jambo gumu, tena mbele ya marika zake. Ingekuwa hasara kubwa kuirudia pombe kwa sababu tu sasa imevaa jina la Kifaransa. Binti na aweke birika motoni, amletee babake chai na blanketi, kisha kesho yake wateremke pamoja hadi hospitalini akapimwe presha. Zawadi hiyo itamfaa zaidi kuliko chupa ile.